Hamsini Kasoro

Alhamisi, saa nane mchana, karakana ya chuo inanuka grisi,
feni la dari limekufa tangu muhula uliopita,
na Mwalimu Nsajigwa anagawa shafti, moja kwa kila meza,
pamoja na mchoro uliopigwa muhuri.
"Pimeni kipenyo. Andikeni. Tieni saini."
Hakusema zaidi. Akaenda kusimama dirishani,
akawa anahesabu malori ya bandarini kwenye foleni.

Mchoro ulisema hamsini.
Kalipa yangu ikasema arobaini na tisa, nukta sita.
Nikaifuta kwa mkono wa ovaroli, nikapima tena.
Nikawaza: kalipa ni kuukuu, vidole vyangu vina jasho,
na mimi ni nani, mtoto wa muuza mkaa wa Yombo,
nibishane na karatasi yenye muhuri?
Nikaandika hamsini.
Saini nikaipamba kwa mkia.

Tulikuwa arobaini na mmoja. Arobaini tuliandika hamsini.
Kokubelwa peke yake aliandika hamsini kasoro,
kisha akakaa kimya kama aliyevunja sahani ya watu.

Mwalimu hakufoka. Laiti angefoka.
Alichukua chaki, akaandika ubaoni majina yetu yote arobaini,
polepole, mpaka mkono ukamchoka,
na mbele ya kila jina: hamsini, hamsini, hamsini.
"Kasoro ya shafti ni yangu," alisema,
"nimeikereza jana usiku kwa makusudi.
Kasoro ya karatasi ni yenu.
Chuma hakijui muhuri. Nendeni."
Akafuta mikono. Ubao hakuufuta.
Mfagizi naye aliukwepa, wiki nzima.

Miaka kumi na moja baadaye, Keko, kiwanda cha sabuni.
Boila inaguna. Vali ya usalama imeshikwa na kutu,
tena kuna mtu ameikaza kwa waya,
akaufunika waya kwa rangi ya fedha, mbichi bado, ya sikukuu.
Meneja ananiletea kiti, soda baridi,
na fomu iliyokwisha kujazwa, imebaki saini.
"Mhandisi, hii inafanya kazi hivi hivi tangu enzi za baba.
Wewe si mgeni wa mji huu."
Kweli, mimi si mgeni.
Chini ya fomu kuna bahasha;
inapumua kidogo kila feni inapoigeukia.

Nilipima. Nikaandika nilichokiona.
Sikuhisi ushujaa. Nilihisi tumbo.

Na hapa ndipo ubao wako ulipoishia, Mwalimu,
maana hukutuambia habari za siku tisa:
geti lina kufuli, vibarua sitini na wawili wamekaa ukutani,
hakuna kazi, hakuna posho,
na Mama Somoe wa chapati,
sufuria yake ya maharage imejaa mpaka alasiri,
ananipandisha na kunishusha kwa macho:
"Wewe ndiye uliyetufungia?"

Nilitaka kumwambia habari ya waya.
Nilitaka kumwambia mshale ulivyouvuka mstari mwekundu,
na kwamba ukuta ulio nyuma ya boila
ndio huu anaouegemea yeye akikanda unga,
mtoto mgongoni.
Maneno yote yalinijia ya kitabuni.
Nikasema, "Ni mimi."
Nikanunua chapati sita nisizozihitaji.
Akahesabu chenji mara mbili mbele yangu, akanipa kamili.

Vali mpya ilifungwa siku ya kumi.
Hakuna kilicholipuka, kwa hiyo hakuna aliyeshukuru,
wala hakuna ajuaye, mpaka leo, kama nilikuwa sahihi,
ila mimi na ule waya. Ninao kwenye droo,
umekunjamana, rangi inabanduka.
Urefu wake, nimeupima,
ni sentimita thelathini na moja,
kasoro kidogo.